Msongamano, mlundikano au kufurika? Kuchagua neno pale watu wanapozidi nafasi

Watu wakiwa wengi kuliko mahali walipo, mwandishi wa Kiswahili hapungukiwi neno. Ana msongamano, ana mlundikano (Kenya wengi huandika mrundikano), ana kufurika, wingi, ongezeko, kubanana, na ile kauli ya kiofisi ya kupita uwezo. Taabu huanza anapotakiwa kuchagua. Wengi hushika msongamano kwa kila jambo kwa sababu ndilo linalosikika redioni, na mhariri hulipitisha bila swali. Mara nyingi hakuna kinachoharibika. Zipo habari, hata hivyo, ambazo neno hilo huzifunika, na msomaji akaondoka bila kujua kama tatizo ni ardhi, ni uzazi, au ni mtu fulani ofisini ambaye hakufanya kazi yake.

Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama hapo: mwanahabari, mfasiri, mwalimu wa insha, mtendaji wa kata anayeandaa taarifa ya makazi. Nimeyapima maneno yote kwa maswali manne. Neno linasema ni nini kimeharibika: nafasi ni finyu, watu wameongezeka, au kuna aliyewaweka pale? Je, linakaa vizuri na takwimu? Likisomwa mbele ya wahusika wenyewe, watalipokeaje? Na linasikika wapi zaidi, ofisini au mtaani, Kenya au Tanzania? Swali la kwanza lina uzito kuliko mengine, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Msongamano

Shina lake ni songa. Tunasonga ugali, tunasonga nywele, tunasongwa na mawazo. Kote mna kukaza na kubana. Kiishio cha -mana, kile kile cha shikamana na fungamana, kinaleta hali ya vitu kukamatana pamoja. Basi kusongamana ni kuwa pamoja bila pengo katikati. Neno linaitaja hali, halimtaji aliyeisababisha. Ukiandika "msongamano wa wagonjwa", hujasema kama wodi ni ndogo, kama kipindupindu kimeingia, au kama zahanati za jirani zimefungwa. Kwa habari ya haraka hilo ni jema, maana hujamtuhumu mtu kabla ya kuwa na ushahidi. Kwa uchunguzi ni kasoro.

Kwenye takwimu ndipo linapotatiza. Vitabu vya jiografia hulitumia kwa maana ya kipimo: idadi ya watu kwa kila kilomita ya mraba. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, mkoa wenye kilomita za mraba 1,393, yaani karibu watu 3,865 kwa kilomita moja. Lindi ilikuwa na watu 1,194,028 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 66,000, yaani kama 18. Kwa lugha ya jiografia, Lindi nayo ina msongamano, msongamano wa 18. Mwambie hivyo mkazi wa Liwale, wilaya ya huko Lindi, uone atakavyokutazama. Kuna na kinyume chake: Rwanda nzima, kwa sensa yake ya 2022, ilikuwa na watu 503 kwa kilomita ya mraba, lakini sehemu kubwa ya watu hao ni wakulima walioenea juu ya vilima. Mkulima wa huko anaweza kuwa na shamba dogo mno na bado asijione kuwa yuko katika msongamano.

Ushauri wangu ni kwamba ukiwa na kipimo, kiandike chenyewe: "watu 18 kwa kilomita ya mraba". Neno msongamano libaki kwa watu wanaogusana mabega.

Kwa masikio ya wahusika ni neno la heshima. Halimtusi mtu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wa tabaka zote waliambiwa waepuke misongamano isiyo ya lazima, na hakuna aliyehisi kusemwa. Kuhusu mahali linapokaa, Kenya limeota mizizi barabarani: msongamano wa magari. Tanzania wataelewa, ila mtaani ni foleni. Linamfaa anayehitaji neno tulivu, na anayeeleza hali ambayo chanzo chake bado hakijajulikana.

Mlundikano

Hapa picha hubadilika kabisa. Lundo ni la taka, la mchanga, la nguo chafu. Kulundika ni kuweka kimoja juu ya kingine bila mpangilio, na vitu havijilundiki vyenyewe. Hata pale sarufi inapomficha mtendaji, kama katika "wafungwa wamelundikana", msikilizaji anamtafuta. Nani kawalundika?

Neno hili pia lina muda ndani yake. Mahakama ya Tanzania huzungumzia mlundikano wa mashauri, yaani kesi zilizokaa kupita muda uliopangwa kuzimaliza. Si kwamba zimeletwa nyingi kwa siku moja. Zimeingia kila siku na hazikutoka. Ukitaka kujua kama mlundikano ndilo neno lako, jiulize kama kuna mlango wa kutokea ulioziba.

Magereza yanaonyesha tofauti hii vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua. Desemba 9, 2019, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Habari za misamaha ya aina hiyo karibu kila mwaka huja na maneno "kupunguza msongamano magerezani", na ni maneno sahihi: waliohukumiwa wanatoka, nafasi inapatikana. Lakini ndani ya magereza yale yale wamo mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaisha. Msamaha wa rais hauwahusu, kwa sababu huwezi kumsamehe mtu ambaye hajatiwa hatiani. Kilichowaweka pale ni upelelezi usiokamilika, dhamana iliyoshindikana, tarehe inayosogezwa. Hao wamelundikana. Mwandishi anayetumia msongamano kwa makundi yote mawili anamwachia msomaji tiba moja kwa magonjwa mawili.

Madarasani mpaka ni mwembamba zaidi. Tanzania, kiwango kilichowekwa kwa darasa la shule ya msingi ni wanafunzi 45. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto walikuja kwa wingi. Kenya ilikuwa imepitia hayo mwaka 2003, ada za shule za msingi zilipoondolewa: wanafunzi walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya muda mfupi. Je, huo ni mlundikano? Muhula wa kwanza, kwa maoni yangu, hapana. Watoto wamefurika, na shule imepokea habari njema ambayo haikujiandaa nayo. Miaka mitano baadaye, kama bado wanakaa chini kwa kukosa madawati na hakuna chumba kilichoongezwa, andika mlundikano bila kusita.

Takwimu zinazolipenda neno hili ni za muda na za foleni: kesi zenye zaidi ya miaka miwili, mahabusu waliokaa bila kusomewa hukumu. Eneo haliliongezei kitu. Na ni neno kali. Mzazi atalikubali likisemwa juu ya darasa la mwanawe, kwa sababu lawama inakwenda kwa mwenye dhamana. Mkazi wa Tandale, mtaa wa Dar es Salaam, akisoma "mlundikano wa watu Tandale" ana haki ya kuuliza ni lini amekuwa taka. Linamfaa mwandishi mwenye ushahidi wa uzembe, na anayejua ni nani anayetakiwa kujibu.

Kufurika

Maji hufurika, na kwa muda. Ndiyo maana kitenzi hiki kinang'ara kwenye matukio: mazishi ya mtu mashuhuri, mkutano wa kampeni, siku Simba na Yanga wanapokutana kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi kama 60,000. Watu wamefurika, uwanja umejaa pomoni, kuna nyomi. Maneno yote haya yana furaha ndani yake, au angalau mshangao. Jioni watu wanarudi makwao na uwanja unabaki mtupu, jambo ambalo ndilo mpaka wa matumizi yake: hali ya kudumu haifuriki. "Mtaa umefurika watu tangu 1985" ni sentensi iliyochoka kabla ya kufika mwisho.

Tahadhari kubwa ni kwa wakimbizi na wahamiaji. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia nchi yao, kambi iliyokusudiwa watu kama 50,000 ilipita 150,000 kwa miezi michache, na ikabidi kambi ya Nduta ifunguliwe tena, kisha ya Mtendeli. Kusema "wakimbizi walifurika Nyarugusu" naona kunavumilika, maana kitenzi kinaeleza kasi, na kasi ilikuwapo kweli. Lakini nomino, "mafuriko ya wakimbizi", inawageuza watu kuwa janga, ilhali wao ndio waliolikimbia. Na wasidhani waandishi kwamba hawasikiwi: Wakongomani wengi wa kambi ile lugha yao ya kila siku ni Kiswahili.

Takwimu hazilisaidii sana neno hili. Likiandamana na tarakimu iliyo kamili hupoteza mvuto wake. Linamfaa mtangazaji wa michezo, mwandishi wa matukio, na yeyote anayeeleza kilichotokea leo.

Wingi na ongezeko

Maneno haya mawili huchanganywa kila siku, tena na watu wanaojua hesabu. Wingi ni hali: wako wengi. Ongezeko ni mwendo: wanazidi kuwa wengi. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Tanzania waliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka. Dar es Salaam, ambayo kila mtu huitolea mfano, ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani asilimia 2.1. Soma tena. Jiji lenye wingi na msongamano mkubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara lilikuwa na ongezeko dogo kuliko wastani wa nchi. Mwandishi anayeanza makala kwa "ongezeko kubwa la watu Dar es Salaam" na kueleza nalo kila shida ya maji na usafiri ameshika mkia na kuuita kichwa.

Maneno haya yanapenda takwimu, yanazidai kabisa, na zinapokosekana hugeuka porojo. Kwa miaka mingi Kibera, Nairobi, ilisemwa kuwa na watu milioni moja au zaidi. Sensa ya Kenya ya 2009 ikahesabu kama 170,000. Ubishi ulikuwa mkali, lakini tazama lililotokea kwenye maneno: sentensi zote zilizosimama juu ya wingi ziliyumba, na zile zilizosema nyumba zimebanana, choo kimoja kinahudumia kaya nyingi, njia haipitishi gari la zimamoto, zote zilibaki kweli vile vile. Ukiwa huna hesabu ya kuaminika, eleza nafasi, usikisie idadi.

Jamaa wa karibu wa maneno haya ni ile kauli "idadi ya watu kupita kiasi". Naiogopa. Kiasi gani, na nani kakipima? Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kimejulikana tangu enzi za ukoloni kwa kuwa na watu wengi katika ardhi ndogo, na wakulima wake walijibu hali hiyo kwa kufugia ng'ombe ndani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani msimu hadi msimu. Aliyetazama idadi peke yake angetangaza kwamba wamepita kiasi. Wao walikisogeza kiasi chenyewe. Hilo halimaanishi kwamba ardhi haichoki au kwamba hakuna aliyehama kutafuta pengine. Linamaanisha kwamba kauli hii inahitaji kitu cha pili cha kulinganishwa nacho, kama maji, chakula au malisho, na kitajwe.

Kwa wahusika, wingi haudhuru. Ongezeko linaweza kusikika kama shutuma kwa wazazi, hasa likiwekwa karibu na umaskini katika sentensi moja. Yanamfaa mwanatakwimu, mpangaji wa bajeti, na mwalimu wa uraia.

Kubanana

Hili ni neno la walio ndani. Kondakta husema "bananeni kidogo", abiria hucheka au hununa, na mmoja atapata nafasi ya kuweka mguu. Wapangaji wa chumba kimoja wanabanana. Ndugu waliogombana husema tutabanana hapa hapa, hakuna anayehama. Ndani yake kuna ridhaa kidogo au uvumilivu, kitu ambacho mlundikano hauna. Tanzania, watu wakilala kitandani kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, wanalala mzungu wa nne. Hakuna ripoti itakayoeleza wodi iliyojaa kwa ufupi kuliko hivyo.

Halibebi takwimu wala halitakiwi kubeba. Kaunti ndogo ya Mathare, Nairobi, ilikuwa na karibu watu 69,000 kwa kilomita ya mraba kwa sensa ya 2019. Tarakimu hiyo iambatane na kipimo, na kubanana kuachwe kwa mkazi mwenyewe aseme. Mwandishi wa nje akilitumia kwa wingi, huonekana anawatania watu. Linafaa simulizi, mahojiano, tamthilia, na makala inayotaka msomaji asikie mwili.

Kupita uwezo

Ni kauli fupi na kavu, na ina sharti moja: uwezo uwe umeandikwa mahali. Ukiwepo, hakuna neno lenye nguvu kuliko hili. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 20, 2018 karibu na Ukara kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kusema kulikuwa na "msongamano wa abiria" ni kulaza usingizi jambo ambalo lina jina: kivuko kilijazwa kupita uwezo. Kitenzi kimegeuka kuwa cha kutendwa, na swali la aliyekijaza linabaki mezani. Hali ni hiyo hiyo kwa matatu ndogo za Kenya, ambazo kanuni za waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilizoanza kutumika 2004, zilizifunga kwenye abiria 14. Wa kumi na tano amepita uwezo, hata kama amekaa vizuri na ana nafasi ya kunyoosha miguu.

Pasipo na uwezo uliotamkwa, kama mtaa au kisiwa, kauli hii hudai kujua kisichojulikana.

Utachagua lipi, kwa hali ipi

Kama uko kwenye eneo la tukio na habari inatakiwa baada ya dakika kumi, msongamano utakutosha kwa hali, na kufurika kwa tukio. Rudi baadaye urekebishe ukishajua chanzo.

Ukiandika juu ya gereza, mahakama, wodi au darasa, tafuta kwanza mlango wa kutokea. Ukiwa wazi na watu ni wengi tu, ni msongamano. Ukiwa umeziba na unamjua mwenye ufunguo, ni mlundikano. Chombo cha usafiri au jengo lenye kibali cha idadi maalumu ni kupita uwezo, na uwezo wenyewe uandike kwa tarakimu katika sentensi hiyo hiyo.

Mtendaji wa kata au mwandishi wa taarifa ya mipango atumie wingi na ongezeko kila kimoja mahali pake, aonyeshe miaka ya sensa zote mbili, na akwepe "kupita kiasi" mpaka awe na kiasi. Mwalimu wa jiografia anaweza kuendelea na msongamano wa watu kama kipimo, ilimradi awaambie wanafunzi mapema kwamba Lindi nayo inao.

Anayeandika juu ya mtaa wa watu wenye kipato kidogo, au kambi, asome sentensi zake kwa sauti akijifanya mkazi wa pale. Mara nyingi nomino nzito zitaanguka zenyewe na vitabaki vitenzi: wanabanana, wanapokezana, wanasubiri maji.

Mfasiri ndiye mwenye mzigo mgumu zaidi, kwa sababu lugha za kigeni hupenda neno moja linalosema kwa pamoja kwamba watu ni wengi na kwamba mahali hapawatoshi. Asilitafutie pacha. Alivunje: sentensi moja iseme watu ni wangapi au wameongezeka kwa kasi gani, ya pili iseme nini hakiwatoshi. Kama matini ya asili haitaji kisichotosha, amuulize mteja wake kabla ya kuamua, maana kati ya wingi na msongamano kuna tofauti ya lawama, na lawama hiyo mfasiri hana mamlaka ya kuigawa.